Mjadala: Je, wafugaji wa bonde la Usangu wapewe mitamba ya Friesian, ng'ombe wa kisasa wa maziwa, kama wanaofugwa Rungwe?

Mfugaji wa Tukuyu: Wapewe, tena bila kuchelewa. Huku kwetu ng'ombe mmoja wa kisasa, akila matete na migomba iliyokatwakatwa ndani ya banda, anasomesha watoto, ilhali huko bondeni mtu ana zizi zima la mifupa inayotembea na bado ananunua maziwa ya pakiti.

Mwenyeji wa Mbarali: Ndugu yangu, hiyo unayoiita mifupa imevuka viangazi ambavyo Friesian wako asingevimaliza, kwa sababu nundu zao huhifadhi maji kama za ngamia. Sisi hatujawahi kupanda Tukuyu kuitukana migomba yenu.

Mwalimu wa baiolojia, Iringa: Mniwie radhi, nundu haihifadhi maji, iwe ya zebu, yaani ng'ombe wetu wa asili wenye nundu, au ya ngamia. Ya ngamia ni mafuta. Ya ng'ombe wetu ni msuli wenye mafuta ndani yake, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuichoma. Ngamia huvumilia kiu kwa njia nyingine: huacha joto la mwili lipande kutoka nyuzi 34 hivi alfajiri hadi 40 alasiri ili asipoteze maji kwa jasho, na akifika kisimani aweza kunywa lita 100 kwa dakika chache bila chembe zake za damu kupasuka.

Mwenyeji wa Mbarali: Basi, Mwalimu, nieleze kwa nini mwenye nundu nene ndiye anayesalimika. Babu yangu hakusoma baiolojia, lakini dume alimchagua kwa kutazama nundu.

Mama wa Makete: Babu aliisoma dalili vizuri, kwani mnyama akikonda nundu nayo hunywea. Kinachomwokoa, hata hivyo, ni ngozi iliyolegea yenye tezi nyingi za jasho, manyoya mafupi, na mwili usiozalisha joto jingi. Friesian wa maziwa mengi hula sana, na chakula kinapochachuka katika tumbo la kwanza hutoa joto. Kwenye baridi ya Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kama anaota moto wa jiko alilolibeba mwenyewe. Bondeni, joto likishapita nyuzi 25 hivi, jiko hilohilo linamfanya aheme, asuse chakula na kukausha maziwa. Sijagusia kupe na ndigana kali, ugonjwa wanaoueneza.

Mfugaji wa Tukuyu: Mama, mbona tunakubaliana? Tangu mwanzo nilikuwa na maana ya chotara, aliyechanganya damu ya zebu na ya Friesian, akafugwa penye kivuli na maji ya kutosha, na kuogeshwa kila wiki.

Mwenyeji wa Mbarali: Tangu mwanzo ulisema "bila kuchelewa", neno chotara limezaliwa sasa hivi hapa mbele yetu. Mwalimu, la nundu nimelikubali. La mifupa inayotembea bado halijafutwa.