Mjadala: Je, kikomo cha umri kwenye mitandao ya kijamii kitalinda afya ya akili ya vijana?

Mwishoni mwa mwaka 2024 Australia ilipitisha sheria inayozitaka kampuni za mitandao ya kijamii kuwazuia walio chini ya umri wa miaka 16 kuwa na akaunti, na utekelezaji wake ukaanza Desemba 10, 2025. Wapo wanaotaka nchi nyingine zifuate mkondo huo kwa hoja kwamba mitandao inawaletea vijana wasiwasi na sonona, na wapo wanaodai kuwa hofu hii ni ile ile iliyowahi kuielekea televisheni. Mimi napinga sheria ya aina hiyo, lakini si kwa sababu wanazozitoa wapinzani wenzangu.

Wenzangu hupenda kuutaja utafiti wa Amy Orben na Andrew Przybylski wa mwaka 2019, uliobaini kuwa matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi miongoni mwa vijana. Takwimu hiyo ni sahihi, ila imebebeshwa mzigo usio wake. Huo ni wastani, na ndani ya wastani anayezungumza na nduguye aliye mbali huhesabiwa pamoja na anayekesha akijilinganisha na sura zilizorembwa na programu. Nyaraka alizozifichua mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni inayomiliki Instagram, zilionyesha kuwa watafiti wa kampuni hiyo walikwishabaini kwamba baadhi ya wasichana walizidi kuuchukia mwili wao kwa sababu ya mtandao huo.

Mtazame huyo anayekesha. Amejilaza saa saba usiku, kidole gumba kikipandisha ukurasa usio na mwisho. Video moja ikiisha nyingine inaanza bila kuombwa, na akitaka kuiweka simu chini, arifa inaingia kumjulisha kwamba kuna aliyetoa maoni kwenye picha yake. Hayo yote yamepangwa. Aza Raskin, aliyebuni mtindo wa ukurasa usiokwisha mwaka 2006, amekiri hadharani kuujutia. Kwa maoni yangu, usingizi unaopotea hapo ndio madhara tunayoyapuuza kuliko yote, maana asiyelala huamka na hasira na huzuni hata kama hakuona lolote baya mtandaoni. (Nasi watu wazima tunaowakemea vijana tumo humo humo.)

Ndiyo maana ningependa sheria iwabane wanaoziunda programu hizi: arifa zinyamaze usiku hadi mtumiaji mwenyewe aziruhusu, video zisijianzishe, ukurasa uwe na kikomo, na atakaye aweze kuona machapisho ya anaowafuata tu, bila mashine kumchagulia. Masharti hayo yamlinde kila mtumiaji, awe na umri wowote. Wanaotetea kikomo cha umri nao watujibu: kijana akitimiza miaka 16 na kufungua akaunti katika mtandao ulioundwa vile vile, ile miaka aliyozuiwa itakuwa imemkinga na nini?