Wauzaji wa amonaiti, acheni kutuuzia plastiki na mawe ya vipindi vingine kwa jina la Jurasiki!

Wakuu, salamu kwenu. Nina hasira na sitaificha, kwa hiyo uzi ni mrefu. Asiye na muda aruke hadi mwisho, madai yangu yako huko.

Mimi ni mwalimu, niko Tanga. Nilitaka wanafunzi wangu washike mkononi amonaiti wa kweli, yaani kisukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) cha mnyama wa baharini mwenye gamba la kujizungusha, wa bahari za Jurasiki, kipindi cha kale cha historia ya dunia, si picha ya kitabuni. Nikampata muuzaji mtandaoni. Tangazo lake lilisema: "Amonaiti halisi, Jurasiki, cheti cha uhalisi kimeambatanishwa." Nikalipa. Kifurushi kikaja na mawe matatu, na kati ya hayo matatu hakuna hata moja la Jurasiki.

La kwanza ni jeusi, limeng'arishwa, lina mzunguko mweupe kama wa konokono katikati. Kila aliyewahi kuona mawe ya Erfoud, Morocco, atalitambua. Huyo ni goniataiti, jamaa wa kale zaidi wa amonaiti, wa kipindi cha Devoni. Devoni iliisha miaka milioni 359 iliyopita, Jurasiki ikaanza miaka milioni 201 iliyopita. Hapo katikati kuna zaidi ya miaka milioni 150, na muuzaji ameifuta kwa neno moja la tangazo.

Na si jambo la kuhitaji profesa. Gamba la wanyama hawa liligawanywa vyumba kwa kuta. Mnyama mwenyewe, ndugu wa pweza na ngisi, alikaa chumba cha nje kabisa, na vyumba vya nyuma vilimsaidia kuelea. Kila ukuta unapogusana na gamba hubaki mstari wa mshono. Kwa goniataiti mstari huo ni zigizaga tupu. Kwa amonaiti wa Jurasiki umechanika-chanika pembezoni kama jani la giligilani. Anayeuza visukuku kila siku na hajui kutazama mshono, anauza nini?

La pili limepasuliwa vipande viwili, vyumba vimejaa fuwele za rangi ya asali. Zuri sana, nakiri. Ni Cleoniceras, aina ya amonaiti, wa Mahajanga, Madagaska, na Cleoniceras ni wa Kretasi, kipindi kilichofuata Jurasiki, karibu miaka milioni 110 iliyopita. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu Madagaska wana amonaiti wa Jurasiki wa kweli! Aina iitwayo Perisphinctes wa kule Sakaraha ni wa Jurasiki ya Juu, yaani sehemu yake ya mwisho. Angeweza kuniuzia huyo na tukaachana kwa amani. Mchimbaji wa Kimalagasi hana kosa, jiwe lilitoka ardhini likiwa na mahali pake na umri wake. Aliyeliandikia umri mwingine ni mtu wa katikati mwenye kompyuta.

La tatu ndilo tusi. Limeandikwa "Dactylioceras, Whitby". Whitby ni mji wa pwani ya Yorkshire, Uingereza, na Dactylioceras, aina nyingine ya amonaiti, wa pale ni wa Jurasiki ya Chini kweli, yaani sehemu yake ya mwanzo, miaka kama milioni 180 iliyopita. Watu wa pale waliwaokota tangu zamani. Hadithi ilisema Mtakatifu Hilda aliwageuza nyoka kuwa mawe, na mafundi wakawa wanachonga vichwa vya nyoka juu yake ili wawauzie wageni. Ila hili langu halikuokotwa popote. Ni jepesi, halina ubaridi wa jiwe, na ubavuni lina alama ya kalibu iliyolizunguka lote. Kwenye mbavu kuna vitundu vya mapovu ya hewa. Nikagusisha sindano ya moto, ikanuka plastiki. Nakala ya plastiki si dhambi, makumbusho mengi yanazo, lakini huandikwa wazi kuwa ni nakala. Hii ilikuja na cheti cha uhalisi!

Cheti chenyewe hakina jina la tabaka, hakina jina la eneo, hakina jina la aliyeokota. Kina nembo ya dhahabu na sahihi isiyosomeka.

Nikamwandikia. Jibu lake: "Kaka, yote ni ya kale, mamilioni ya miaka. Shida yako ni nini?" Nikamweleza tena kwa adabu. Akanizuia.

Sasa nijibu hapa, maana najua kuna watakaosema hivyo hivyo.

Thamani ya amonaiti iko kwenye mahali na tabaka alimotoka. Wanyama hawa walibadilika haraka na kusambaa mbali, hivyo kila aina ina tabaka zake. Mjerumani Albert Oppel aliigawa Jurasiki katika kanda, yaani vipande vya muda vinavyotambuliwa kwa visukuku vyao, katika miaka ya 1850, na mpaka leo wanajiolojia hutumia kanda za amonaiti. Hata kwetu. Mijusi wakubwa (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, waliochimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913, walilala katika tabaka zinazopishana na tabaka za bahari, na amonaiti wa tabaka hizo za bahari walisaidia kujua umri wa mijusi hao. Mombasa nako, amonaiti wa Jurasiki wa pale waliandikwa kitaalamu tangu 1877. Na chokaa ya mapango yetu ya Amboni, ambako wageni hupiga picha na kuondoka, ni mwamba wa bahari ya Jurasiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo mtu akibandika lebo ya uongo, amemdanganya mnunuzi na pia amekiua kisukuku. Mwanafunzi wangu akikipima na kukichora, anajifunza uongo kwa bidii.

Na inawezekana kufanya biashara hii kwa haki. Charmouth na Lyme Regis, pwani ya Dorset, Uingereza, watu huokota amonaiti waliodondoka ufukweni baada ya mawimbi kubomoa genge. Kuchimbua gengeni bila ruhusa hakukubaliki, na ukipata kitu muhimu kwa sayansi unaandikishwa pamoja nacho. Muuzaji mwaminifu wa huko anakuambia ufuko gani, tabaka gani, na kama kuna sehemu imeunganishwa kwa gundi anakuonyesha. Akikuuzia wa pairaiti (madini ya chuma na salfa yenye rangi ya dhahabu) anakuonya umweke pakavu, kwani unyevunyevu humfanya amomonyoke.

Madai yangu kwa muuzaji, na najua unasoma hapa: nirudishie pesa ya mawe yote matatu, ondoa neno "Jurasiki" kwenye hilo jeusi na hilo la Mahajanga, na hilo la plastiki liandike NAKALA kwa herufi kubwa. Nakupa hadi Ijumaa. Usipofanya hivyo napandisha hapa picha za mawe, za cheti, na mazungumzo yetu yote.

Na wakuu mlionunua mawe ya aina hii, wekeni picha ya mshono karibu, ubavuni, penye mwanga. Nitawasaidia kuyatambua moja moja.