Naomba ushauri: vihisi vya sauti kwenye vali za mvuke

Ndugu wanachama, salamu kutoka Nakuru. Mimi ni fundi wa boila, na ninaandaa mradi wa stashahada kuhusu vihisi vya sauti vinavyochunga vali katika vituo vya nyuklia. Kilichonigusa ni ajali ya Three Mile Island, Marekani, ya Machi 28, 1979, ambapo vali ya kupunguza shinikizo ilikwama ikiwa wazi, ilhali taa ya chumba cha udhibiti ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetolewa, na wahudumu wakaamini imefungwa. Baadaye vihisi vya sauti vilianza kufungwa kwenye mabomba ya vali kama hizo, kwa kuwa mvuke unaopita hutetemesha bomba hata taa ikisema vingine.

Kazini nikiweka ncha ya bisibisi kwenye vali inayovuja na mpini wake sikioni, nausikia mvuke ukipenya kwa sauti nyembamba kabisa. Lakini kihisi nilichobandika papo hapo kinabeba pia mngurumo wa pampu iliyo hatua tatu kando.

Najua uvujaji hutoa sauti za masafa ya juu kupita uwezo wa sikio. Je, nichuje kuanzia kiloherzi ngapi? Na kwa kuwa vali huwa ya moto mno, je, fimbo ya chuma ya kukitenga kihisi na joto haitadhoofisha ishara? Aliyewahi kufanya kazi hii, hata kwenye mvuke wa jotoardhi kule Olkaria, tafadhali anieleze alivyoanza.