Mrejesho: wanawake na uongozi wa kikundi chetu cha wakulima

Ndugu zangu nimerudi. Niliuliza hapa inakuwaje kikundi chetu wanawake ndo wengi shambani ila kwenye uongozi yuko mmoja tu, tena msaidizi, mkaniambia nikaisome kwanza katiba ya kikundi.

Nimeisoma na shida ilikuwa humo humo, uanachama umeandikwa kwa jina la mwenye shamba, kwa hiyo mama analima miaka yote halafu kura anapiga mumewe. Tukapeleka hoja kila anayelima aandikishwe kwa jina lake, mwanachama mmoja kura moja kama ushirika unavyotaka, na ile ibara ya 14 ya mkataba wa CEDAW wa 1979, ule wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mliyonitumia, inayosema wanawake wa vijijini wana haki ya kuunda vikundi na vyama vya ushirika, niliisoma kwa sauti kikao kizima kikanyamaza. Hoja ikapita. Kikao nacho tukakihamisha kisiwe tena jioni, maana jioni nani atapika.

Uchaguzi ukawa wa kura ya siri, tumepata mwenyekiti mwanamke na mhazini mwanamke, jamani nililia! Siku ya kwanza ya mauzo mwenyekiti aliomba mzani ugeuzwe uwaangalie wakulima, kila mtu akasoma kilo zake mwenyewe kabla hazijaandikwa daftarini.

Kilichobaki ni malipo, ya wengi bado yanaingia kwenye simu za waume. Aliyewahi kulimaliza hili bila ugomvi nyumbani anielekeze alianzia wapi.