Misaji yangu imekua haraka, lakini mbao zake zinapinda: ni tabianchi au ni makosa yangu?

Mkulima wa Konde

Assalamu alaykum. Mimi ni mkulima wa Konde, kaskazini ya Pemba, si mbali na Msitu wa Ngezi. Miaka kumi na sita iliyopita nilipanda misaji 80 (wengine huiita mitiki) katika shamba la marehemu baba, baada ya mikarafuu yake kufa mmoja baada ya mwengine. Misaji ilipanda juu kwa kasi iliyotufurahisha sote nyumbani. Mwaka jana nilipata kibali, nikakata 12, nikaipasua kwa msumeno wa moto na kumpelekea seremala mmoja wa Wete. Alipoziona mbao alisema kuwa weupe, yaani sehemu changa ya nje ya shina, ni mwingi na kiini cha ndani ni kidogo, na hazikupita wiki tatu zikaanza kupinda, nyengine zikapasuka vichwani. Nilizikubali pesa alizonipa kwa sababu watoto walikuwa wanasubiri ada ya skuli, ila zilikuwa pungufu sana ya nilizozitarajia.

Masika siku hizi hayaji pale tulipoyazoea, na kuna miaka ambayo vuli hukatika kabla ya kushika. Je, mabadiliko haya ya tabianchi ndiyo yaliyoziharibu mbao zangu? Na hii miti 68 iliyobaki, niikate kabla haijapoteza thamani, au niiache?

Mstaafu wa Misitu

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Nimefanya kazi ya misitu Unguja na Pemba kwa miaka mingi, na swali lako linaniuma kwa sababu watu wengi wamepewa miche bila ya kuelezwa mti huo utatoa mbao za namna gani, na lini.

Sehemu kubwa ya ulichokiona ni umri. Mti wowote katika miaka yake ya mwanzo huweka mbao zenye nyuzi fupi na kuta nyembamba, tena nyuzi hizo hukaa mshazari badala ya kufuata urefu wa shina. Mbao kama hizo zinapokauka hunywea hata kwa urefu, jambo ambalo mbao pevu halizisumbui, na ubao wenye upande mmoja wa utotoni na upande mwengine uliopevuka hauna budi kupinda. India na Myanmar, kwenye asili yake, msaji ulizoeleka kuachwa miaka 50 hadi 80. Wako ulikuwa bado kijana, na hiyo 68 iliyobaki nakushauri uiache ipevuke.

Hata hivyo, hali ya hewa nayo ina mkono wake. Msaji hupenda mvua nyingi, lakini unataka pia kiangazi cha wazi cha miezi mitatu hadi mitano, upukutishe majani na usimame. Pemba hupata kiasi cha milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na baina ya vuli na masika mapumziko ya mti si marefu. Vuli ikikatika, msaji hulala wakati ambao ungekuwa unanenepa. Mvua kubwa ikishuka nje ya msimu, huamka, kisha hulala tena. Ndani ya shina mtikisiko huo huandikwa kama pete za uongo, yaani tabaka laini na gumu zinazopishana bila ya mpango, na randa ya seremala huzihisi mara moja.

Pete za miti si habari za nchi za baridi peke yake. Huko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, watafiti walionesha kuwa mkoko, huu huu tunaoutoa boriti, huweka alama ya kila mwaka: wakati wa mvua mirija ya kupitishia maji ndani ya mbao yake huwa michache, na wakati wa kiangazi huwa mingi.

Wapo wanaosema kuwa hewa ya ukaa ikizidi miti itanawiri. Ni kweli kwamba hewa hiyo, iliyokuwa sehemu 280 katika kila milioni kabla ya enzi ya viwanda, sasa imepita 420, na kwamba ni chakula cha jani. Lakini chembe mpya za shina hutanuliwa kwa msukumo wa maji, kwa hiyo maji yakipungua shina huacha kunenepa hata kama jani bado linafanya kazi. Na pale ambapo miti imenawiri kweli, uzito haukufuata. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya misitu ya Ulaya ya Kati vilivyoonesha kuwa miti inakua haraka kuliko zamani, na uzito wa mbao zake umepungua kwa asilimia 8 hadi 12 tangu mwaka 1900. Walitaja joto, msimu mrefu zaidi wa kukua na naitrojeni inayoanguka kutoka hewani. Tarakimu hizo usizilete Konde kama zilivyo, kwani kule mti huzuiwa na baridi, na hapa huzuiwa na maji. La kuchukua ni kwamba unene na ubora ni vitu viwili tofauti.

Fundi wa Wete

Salaam kwenu. Si mimi niliyezinunua mbao hizo, lakini ningeziona ningesema kama alivyosema mwenzangu. Ninachotaka kuongeza ni kwamba sehemu ya hasara ilitokea baada ya mti kuanguka. Mbao mbichi zikipangwa juani zitapasuka hata zikiwa za mvule wa miaka mia. Zinatakiwa kuwekwa kivulini, juu ya magogo, na vijiti vya unene mmoja baina ya kila ubao na mwenzake, uzito juu yake, na vichwa vipakwe rangi au nta ili maji yasikimbilie huko. Zamani tulijua kuwa kaskazi ikishavuma mbao zitakauka kwa mpango. Sasa mvua hutushukia katikati ya kukausha, ukungu ukaingia kwenye weupe, na kazi ya miezi ikapotea. Kwa sababu hiyo nimeezeka banda la kukaushia, nami nawashauri mafundi wenzangu wafanye hivyo kabla ya kumlaumu mkulima.

Mfenesi, kwa uzoefu wangu, haujanitia aibu. Hukua shambani, hulisha watu, na kiini chake cha manjano hufanya kazi nzuri ya fanicha.

Mjukuu wa Mkarafuu, Mkoani

Naomba tulitazame soko pia, kwa sababu mti ni mali isiyoweza kuharakishwa. Dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Karafuu ikawa adimu, wenye mikarafuu iliyosimama wakafaidika, watu wakapanda Pemba kwa wingi, na kisiwa hiki kikaongoza kuanzia hapo. Ujerumani, baada ya ukame ulioanza 2018, ilikuwa kinyume: wadudu wa gome waliua miti mingi sana ya jamii ya msonobari, kila mwenye msitu akalazimika kuuza kwa wakati mmoja, na bei ya magogo ikaporomoka. Huku karafuu zilipungua sokoni, kule magogo yakafurika, ingawa pote miti ndiyo iliyopotea.

Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na Mafia si mbali. Kwa hiyo, ndugu wa Konde, usiwe na miti ya aina moja na ya umri mmoja. Na kuna jambo linalonikosesha usingizi zaidi ya bei: mbao za shambani zikipata sifa mbaya, mwenye kujenga atarudi kwenye mikoko na kwenye Ngezi yenyewe. Mikoko nayo ina dhiki yake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tope lililoizika mizizi ya mikoko katika hori ya Mwache, Mombasa, na sehemu kubwa ikafa. Huku kwetu maji ya chumvi yanaingia mabonde ya mpunga, na mkoko tulionao ndio ukuta wetu. Sheria ya misitu namba 10 ya mwaka 1996 inaulinda, lakini sheria haimpi mtu boriti.

Mkulima wa Konde

Nawashukuru nyote, Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Nimekubali kuiacha, ila shamba limesongamana na ada ya skuli haisubiri. Nikilazimika kukata michache, nianze na ipi?

Mstaafu wa Misitu

Anza na iliyopinda, iliyofunikwa na wenzake na yenye matawi ya chini mengi, ili minyofu ipate mwanga na maji. Misaji iliyosongamana hugombania maji yale yale wakati vuli inapokatika, kwa hiyo kupunguza ni dawa ya ukame pia. Kata Januari au Februari, majani yakiwa yamepukutika, na hiyo midogo iuze kama nguzo, usiipasue mbao. Pale penye nafasi weka mfenesi, na mkangazi ukipata miche. Visiki usiving'oe. Msaji huchipua, na ukibakisha chipukizi moja tu lililo karibu na ardhi, litakua haraka kuliko mche, kwa kuwa mizizi iliyo chini ni ya miaka 16.