Maigizo ya papo kwa hapo kwa wanaoanza, Kampala

Wadau, habari za wikendi.

Nimehamishiwa Kampala kikazi kutoka Mwanza. Ofisini tunasalimiana vizuri, lakini jioni nabaki na simu tu. Kiganda bado kinanipiga chenga. Nimeona tangazo la warsha ya maigizo ya papo kwa hapo kwa watu wasiowahi kuigiza. Kuna aliyewahi kwenda? Mimi si mchekeshaji hata kidogo.

Mgeni wa Naalya

*

Mdogo wangu wa Naalya, karibu Kampala, na pole kwa upweke. Nenda.

Hilo la uchekeshaji litoe moyoni. Michezo mingi ya warsha hizi ilitokana na kazi ya Viola Spolin wa Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akiongoza maigizo katika mitaa ya wahamiaji, watoto kwa wakubwa, watu wa mataifa tofauti ambao hata lugha haikuwaunganisha. Alitaka mtu aweze kucheza na mwenzake kabla hajaweza kuzungumza naye. Jukwaa la vichekesho lilikuja baadaye, mwanawe Paul Sills na wenzake walipoanzisha kundi la vichekesho la The Second City mwaka 1959. Kwa hiyo wageni kama sisi ndio tuliofikiriwa mwanzo.

Utakutana na mchezo wa kioo: mnasimama mkitazamana, mmoja anainua mkono polepole na mwingine anamfuata, kisha mnabadilishana mpaka haijulikani nani anaongoza. Hapo hauhitaji Kiganda wala Kiingereza. Halafu kuna kanuni ya "ndiyo, na". Mwenzako akisema mko kwenye kivuko cha Bukakata mnaelekea Kalangala, humbishii. Unakubali na kuongeza kwamba mbuzi wako ameshapanda gari la padri. Naye analipokea hilo na kuliendeleza.

Nakwambia kwa nini hili linatufaa sisi hasa. Hapa mjini ukijikwaa kwenye Kiganda, mtu kwa ukarimu wake anahamia Kiingereza, mazungumzo yanafupika na kila mtu anashika njia yake. Kwenye mchezo hawezi kukuacha hivyo. Neno lako, hata likiwa limevunjika, ndilo analojengea. Mkishacheza hivyo jioni nzima, kuombana namba za simu kunakuja kwenyewe.

Kiswahili nacho usikifiche. Wapo wazee watakaokunja uso, maana wengi walikisikia kwanza kwa wanajeshi, na enzi za Amin hazijasahaulika. Usibishane nao. Vijana ni habari nyingine: mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni, na wengi wanatafuta mtu wa kufanya naye mazoezi.

Kabla ya kulipa, uliza kama ni warsha kweli au ni onyesho la kutazama, inaendeshwa kwa lugha gani, na inaisha saa ngapi. Hilo la mwisho ni muhimu kwa sababu ya foleni na mvua; panga mapema utakavyorudi. Vaa viatu bapa. Ukikosa nafasi hapo, pita National Theatre uulizie, wasanii wengi hukutana pale.

Dada wa Ntinda

*

Shikamoo dada. Mimi navaa hijabu na sipendi kushikwashikwa, na warsha nyingine naona zinafanyika baa. Nifanyeje?

Binti wa Tanga, Kisaasi

*

Marahaba mdogo wangu. Mwambie kiongozi kabla hamjaanza, tena mbele ya wenzako kama unaweza. Michezo karibu yote inachezeka bila kugusana, na kiongozi anayejua kazi yake atakuruhusu ukae pembeni utazame kwanza. Akikulazimisha, ondoka, na udai hela yako. Ya baa achana nayo kama moyo haupendi.

Ila kwa nini tusianzishe yetu, kwa Kiswahili? Haitaki jukwaa wala vifaa: chumba kitupu, watu kama kumi, na mtu mmoja wa kuongoza. Waliokulia kwenye "paukwa, pakawa" wamekwisha kujua nusu ya kazi. Waganda wanaojifunza Kiswahili tuwaalike tangu siku ya kwanza, tusijifungie wenyewe kwa wenyewe.

Mimi naweza kuongoza Jumapili alasiri. Mwenye sebule kubwa au anayefahamu ukumbi wa bei nafuu upande wa Ntinda au Bukoto, aseme humu kabla ya Ijumaa.

Dada wa Ntinda