Kuchangia waandishi huru wa habari za mazingira: pesa ziende wapi hasa?

Swali
Tuna kikundi kinachochanga kila mwezi. Tunataka kugharamia uchunguzi mmoja kuhusu mto unaodaiwa kuchafuliwa na mgodi. Je, tunaruhusiwa kupendekeza kampuni ya kuchunguzwa? Na bajeti isikose nini?

Mhariri wa zamu
Kampuni msiitaje kabisa. Kesi ikifika mahakamani, wakili wa upande wa pili ataanzia hapohapo. Mkataba useme wazi kwamba mchangiaji hasomi habari kabla haijatoka, na kwamba pesa hazirudishwi hata uchunguzi usipoambulia kitu. Hili la pili husahaulika sana, na bila hilo mwandishi hujikuta akitafuta kashfa pasipo na kashfa.

Kama hamna mhariri wa kusimamia, pitieni kwenye mfuko uliozoea kazi hii, mfano Earth Journalism Network au Pulitzer Center.

Sampuli
Picha za setilaiti msianze kununua. Za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni bure, nukta moja ya picha ni meta 10 ardhini, na eneo lilelile hupigwa kila baada ya siku 5 hivi. Mawingu yakizidi, tumieni rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu.

Pesa ziende maabara. Maji ya kupima metali hutiwa asidi ya nitriki mpaka pH (kipimo cha ukali wa asidi) ishuke chini ya 2, la sivyo metali hung'ang'ania kuta za chupa na kipimo hutoka chini ya ukweli. Zebaki ipimwe ndani ya siku 28. Chukueni maji mto ukiwa haujafika mgodini, na pia baada ya kuupita. Kipimo cha baada ya mgodi peke yake hakithibitishi chochote. Ongezeni chupa ya maji safi ya maabara, ifunguliwe palepale mtoni na kurudishwa pamoja na nyingine. Ikionekana na metali, uchafu umetoka mikononi mwenu. Kila anayepokea chupa atie saini, tarehe na saa.

Usalama kwanza
Yote sawa, ila mmeruka bima. UNESCO ilihesabu mwaka 2024 waandishi 44 wa habari za mazingira waliouawa katika miaka 15. Bima nyingi humtaja mwandishi tu, ilhali dereva na mwenyeji anayemwongoza mwandishi ndio wanaobaki kijijini habari ikitoka. Wakatieni nao. Na wakili asome rasimu kabla ya kuchapishwa. Ni nafuu kuliko kesi.

Muuliza swali
Asanteni. Malipo ya mwenyeji yanahitaji risiti, jina lake liandikwe?

Usalama kwanza
Hapana, tumieni namba. Orodha ya majina abaki nayo mhariri, nje ya barua pepe.